Spika Isiyo na Sanduku

Baba yangu mdogo alikuwa seremala pale Mazwi, mjini Sumbawanga, na kabla hajaukata ubao wowote alikuwa na desturi ya kuugonga kwa kifundo cha kidole, sikio lake karibu kabisa na nyuzi za mti. Kisha anasema, "Huu utapasuka," au, "Huu umekauka sawasawa," na ikifika masika utakuta ubao umepasuka au umetulia kama alivyosema. Hakuwahi kunieleza alichokuwa akisikia. Nilipomuuliza aliniambia nigonge mwenyewe. Niligonga. Nilisikia ubao uliogongwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Kampala, kijana mwenye kaptura iliyopigwa pasi na cheti cha ualimu, na nilikuwa nimesoma fizikia kwa mwaka mmoja kabla ya mimi na walimu wangu kukubaliana kwa amani kwamba historia ingenifaa zaidi. Mwaka mmoja wa fizikia ni kitu cha hatari. Asiyeisoma kabisa huuliza. Aliyeimaliza anajua asichokijua. Aliyesoma mwaka mmoja hutoa ushauri.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, na redio katika mji wa Sumbawanga ungeweza kuzihesabu kwa vidole bila kumaliza mkono mmoja. Moja ilikuwa bomani, moja misheni, na moja kwa mzee mmoja mwenye duka na malori mawili, Mwislamu aliyekuja kutoka Ujiji zamani na kuoa hapahapa. Redio ya mzee huyo ndiyo iliyokuwa redio yetu sote, maana aliiweka dukani karibu na magunia ya chumvi, na mtu aliyekwenda kununua kibiriti aliweza kukaa mpaka jioni. Mwaka mmoja aliagiza mpya. Ile ya zamani aliiacha stoo, na alipoikumbuka, mchwa walikuwa wamekwisha kula sanduku lake lote. Yalibaki matumbo yake: bamba la chuma lenye taa zake ndogo za vioo, nyaya, na spika ya duara yenye upana wa sahani ya wali. Vyote vizima. Mchwa ni wadudu waadilifu. Walichukua kilicho chao wakaacha kingine.

"Chukua, fundi," alimwambia baba mdogo. "Wewe ndiye unayeweza kumvalisha huyu nguo nyingine."

Baba mdogo aliichukua kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa ndani ya barua iliyokuwa mfukoni mwangu.

Barua ilitoka kwa mdogo wake, kitinda mimba wa bibi yangu, aliyekwenda kuchimba shaba Rodesia ya Kaskazini na kukaa huko miaka tisa bila kurudi. Alikuwa akituma blanketi na salamu, na mara moja saa ya ukutani ambayo haikuwahi kutembea. Sasa aliandika kwamba anaimba katika kwaya ya mgodini. Watu wa redio walikuja na mashine yao, wakainasa kwaya, na kila mwimbaji wa kutoka mbali akaruhusiwa kusalimu kwao kwa lugha yake. Nyimbo hizo na salamu hizo zingetoka katika kituo cha Lusaka Jumapili ya tatu ya mwezi ujao, saa kumi na moja jioni. Aliandika: "Mwambieni mama asikilize. Nimesema naye."

Niliisoma barua hiyo mara nne kwa sauti, kwa sababu kila aliyeingia alitaka isomwe upya. Baba mdogo hakutaka isomwe tena. Alitaka kujua tu kama Lusaka hushikika. Nikamwambia hushikika vizuri kuliko Dar es Salaam. Mitambo ya huko ina nguvu zaidi. Akauliza kwa nini basi tusiende tu dukani siku hiyo. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: Jumapili jioni dukani huwa kuna watu sitini, bao, na mabishano ya mpira. Mama yake alikuwa mzee, na hakuwa tena na masikio ya kupambana na watu sitini. Wimbo utapita mara moja tu. Asiposikia, hakuna wa kuurudia.

Hapo ndipo nilipotoa ushauri.

Nilimweleza kwamba spika inahitaji sanduku, lililozibwa kila upande, na nikamchorea kwenye karatasi ya mtihani pamoja na vipimo. Vipimo vile vilitoka wapi sikumbuki, lakini nilivitaja mpaka nusu inchi, na baba mdogo, ambaye aliheshimu elimu kwa namna inayonisikitisha hata leo, alivifuata. Alikuwa na mbao zilizokwisha randwa tayari. Mbao hizo, kama ilivyokuwa kwa kila seremala wa mji ule, zilikuwa za majeneza, maana mteja wa jeneza hatoi taarifa mapema. Sanduku lilitoka zuri, jeusi, refu, lenye mabega mapana na miguu myembamba. Sikuona kasoro. Nilikuwa nikiangalia vipimo.

Bibi alipanda kutoka Kaoze, kule bondeni, kwa lori la mzee wa duka, akiwa amekaa mbele kwa dereva kama mke wa chifu, na debe la ulezi kati ya miguu yake. Tulimshusha kwa heshima zake zote. Tulichutama, tukapiga makofi ya polepole ya kusalimu, naye akatuitikia mmoja mmoja, akiuliza habari za watoto na za mashamba, za magoti ya huyu na mbuzi wa yule, mpaka dereva akazima injini. Alipofika kwangu aliniangalia kaptura.

"Mume wangu," alisema, kama alivyoniita tangu nazaliwa, "huko Kampala hawakukumalizia suruali?"

Kisha akaingia karakana, akaliona sanduku.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, mama," alisema baba mdogo. "Hiyo ni redio."

Nikaifungua, ili aone. Ilichukua muda taa zipate moto, halafu sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya lile sanduku, nzito, imebanwa, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Bibi alisimama. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alifunga vizuri khanga yake, akatoka nje, akakaa kwenye gogo.

"Mwanangu yu hai," alisema. "Sitamsikia akitokea humo."

Nilianza kumweleza juu ya hewa na mawimbi. Baba mdogo alinishika bega, si kwa ukali, akaniondoa pale kama mtu anavyoondoa kiti kilichozuia njia.

Zilibaki wiki tatu.

Nataka kueleza alichofanya katika wiki hizo tatu, kwa sababu nimekutana na wasomi wengi tangu siku ile, na baadhi yao wameandika vitabu, na bado namfikiria yeye ninapotaka mfano wa mtu anayefikiri.

Kwanza aliitoa spika sandukuni akaishika mkononi, ikiwa inaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, kama nyuki ndani ya kopo. Akaiegemeza kwenye kipande cha ubao chenye tundu. Sauti ikanenepa kidogo. Akachukua ubao mpana zaidi. Ikanenepa zaidi. Alifanya hivyo kutwa nzima, akipanda kutoka ubao mdogo kwenda mkubwa, na jioni aliniita.

"Mwalimu, sauti inatoka mbele. Na nyuma pia inatoka. Si kweli?"

"Ni kweli," nilisema. Hili nililikumbuka. "Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Zile sauti mbili zikikutana ukingoni zinauana, kama watu wawili wanaovuta kamba kwa nguvu sawa. Ndiyo maana watu hujenga sanduku, ili ile ya nyuma ifungwe."

"Kumbe hakuna haja ya kuifunga. Iwekee tu safari ndefu ya kuzunguka."

Miaka mingi baadaye, katika nchi yenye theluji, nilikutana na mtu aliyejenga spika za namna hiyo nyumbani kwake, ubao mtupu usio na sanduku, naye alinieleza jambo hilohilo kwa nusu saa na kalamu mbili za rangi. Baba mdogo alitumia pumzi moja.

Tatizo likawa ubao wenyewe. Asiyewahi kufika Ufipa hudhani kila penye Afrika pana miti. Uwanda wetu ni majani na upepo. Miti ya mbao iko chini huko, kwenye mabonde na mteremko, na wapasuaji wake walituletea mbao nyembamba zilizofaa kreti. Baba mdogo alikwenda misheni, akarudi mikono mitupu. Akaenda kwa mzee wa duka kuangalia kaunta, mzee akailalia kaunta kwa kifua. Mwishoni alirudi nyumbani, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

Ulikuwa mlango wa mninga, mpana, wa mbao tatu zilizoungwa kwa mkono wake mwaka alipooa, na maungio yake huwezi kuingiza hata ukucha. Mama mdogo alikuwa ndani akichambua maharage. Alisikia kile kidole kikigonga, naye alikuwa ameishi na mwanamume huyo miaka kumi na minne.

"Usithubutu," alisema kutoka ndani.

"Nasikiliza tu."

"Najua kusikiliza kwako. Ukishasikiliza unaleta msumeno."

"Ni kwa ajili ya mama."

Maharage yakadondoka kwenye sufuria, moja moja.

"Na upepo huu wa Julai utaingia wapi?"

"Nitatundika blanketi."

"Lile alilotuma yeye mwenyewe huyo mwimbaji," alisema mama mdogo, "ili angalau naye apigwe baridi." Lakini alinyanyuka, akamshikia mlango wakati anang'oa bawaba.

Tundu hakulitoboa katikati. Nilimshauri katikati, kwa sababu za urembo, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kunisikiliza. Alitoboa matundu hapa na pale kwenye ubao mwingine wa majaribio, akaihamisha spika tundu kwa tundu, akisikiliza, na akaniambia kwamba katikati sauti inafika kingo zote kwa wakati mmoja na kupotea kwa wakati mmoja. Afadhali ifike huku mapema na kule kuchelewa. Basi tundu likawa upande, juu kidogo ya kitasa.

Halafu mlango wenyewe ukaanza kuimba. Si spika, mlango. Sauti fulani nzito zilipotoka, mbao zilitetemeka zikaongeza mlio wao, kama mzee anayeitikia wimbo asioujua. Baba mdogo aliulaza mlango juu ya farasi wawili wa mbao, vile viunzi vya kukatia, spika ikitazama chini, akaifungua redio, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha ulezi. Akaunyunyiza juu ya mlango. Zile punje ndogo nyekundu zikaanza kuruka. Palipotetemeka zilikimbia, palipotulia zilikusanyika na kupiga mistari, mikunjo, mito midogo. Nilikuwa nimeliona jambo hilo katika kitabu, kwa mchanga na bamba la shaba, na sikuwahi kufikiri kwamba lina faida yoyote. Yeye alikuwa hajaona kitabu hicho. Alichora kwa chaki kila mahali ulezi ulipokimbia, na hapo akagongomea kipande cha mti kwa nyuma, kimoja, kisha kingine, akirudia kunyunyiza, mpaka ulezi ukalala tuli mlango mzima.

Mama mdogo alikuja na beseni.

"Umeniondolea mlango. Umenitobolea mlango. Sasa unaulisha na ulezi wangu?"

"Ulezi ni wa mama."

"Basi nimpikie mama uji wa chaki," alisema, akaanza kuuokota.

Siku ya majaribio mzee wa duka alikuja karakana kuangalia masalia ya redio yake. Mlango ulikuwa umesimama wima juu ya miguu miwili ya mbao, nyuma uko wazi kabisa, kila mtu anaweza kuona nyaya. Mtangazaji fulani akazungumza. Mzee wa duka alirudi hatua moja.

"Huyu amesimama hapa," alisema. Akaenda nyuma ya mlango kuhakikisha. "Na huku pia amesimama!" Akarudi mbele. "Fundi, redio yangu mpya ni ya fedha nyingi, lakini yule mtu wa ndani yake anazungumza kutoka kabatini. Huyu wako ametoka kabatini."

Tulimwita bibi. Aliuzunguka mlango mara moja, akagusa mninga.

"Huu ni mlango wenu."

"Ndiyo, mama."

"Mlangoni sawa," alisema. "Mtu akirudi nyumbani hupita mlangoni."

Sifa zilimtosha baba mdogo kwa siku ile. Mimi nilibakiwa na nafasi moja tu ya kuharibu, na niliitumia.

Jumapili yenyewe walikuja watu wengi mno. Habari za seremala aliyeung'oa mlango wake zilikuwa zimefika Katandala na ng'ambo yake, na karakana haikuweza kumeza hata nusu yao. Kwa hiyo niliamuru tuuhamishie mlango uani, mahali peupe. Nasema niliamuru, kwa sababu baba mdogo alikuwa amepanda juu ya paa kufunga waya wa kunasia mawimbi, na mimi nilikuwa mtu mwenye kaptura iliyopigwa pasi. Nikapanga watu. Wanaume mbele ya mlango. Wanawake nyuma yake, pamoja na mke wa mzee wa duka na mabinti zake, ambao walifurahi sana kugundua kwamba nyuma sauti ni ileile.

"Leo," alisema mke wa mzee wa duka, "tutasikia habari bila kungoja waume zetu watusimulie vibaya."

Wakabaki wazee, na hasa bibi, mwenye shughuli yake. Hapa niwaeleze wasio Wafipa. Kwetu mtu mzima hasemeshwi kwa kukabiliwa uso kwa uso, ukimwelekezea mdomo. Unamwendea kwa ubavuni, unajishusha, unapiga makofi, unasema ukitazama pembeni kidogo. Na kumpa mtu mzima mgongo ni matusi hata kama mgongo ni wa kiti. Sasa mlango ule ulikuwa na mdomo mbele na mgongo nyuma. Nilifikiri haraka, kama anavyofikiri msomi, nikawaweka wazee ubavuni. Bibi nilimpa kigoda kile kizuri kando ya ukingo wa mlango upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuugusa kwa kiwiko, na wazee wengine upande wa kulia vilevile. Hapo hawapigwi mdomo wala hawapewi mgongo, na wako karibu kuliko wote. Nilijipongeza.

Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu ya siku ile ameshajua. Ukingoni ndipo sauti ya mbele na sauti ya nyuma zinapouana. Nilikuwa nimemweleza baba mdogo kwa mdomo wangu mwenyewe, pamoja na mfano wa kamba. Ndani ya karakana kuta zilikuwa zikirudisha sauti huku na huku na hakuna aliyegundua. Uani hapakuwa na kuta. Nilikuwa nimewachukua watu wote niliotakiwa kuwaheshimu nikawakalisha mahali pekee pa ua ule ambapo hapasikiki kitu.

Na wao hawakusema. Mgeni aliyealikwa hasemi chakula hakina chumvi. Saa kumi na moja ilifika, Lusaka ikaja safi kuliko siku zote, kwaya ya kwanza ikaimba, kwaya ya mgodi mwingine, na niliinama kwa bibi nikamuuliza, "Unasikia, bibi?"

Alipiga makofi polepole. "Nasikia, mume wangu. Vizuri sana."

Baba mdogo alikuwa ameshuka kutoka juu ya paa, anauzunguka ua kama alivyoizunguka kila kazi yake. Mtangazaji alitania kwa Kibemba, utani juu ya mpishi wa mgodini na nyama ngumu, na kwa kuwa Kibemba hakitupi shida, wanaume wa mbele wakacheka, na wanawake wa nyuma wakacheka. Kisha bibi akacheka. Kisha wazee wa upande wa pili wakacheka.

Nilikuwa natazama mlango. Baba mdogo alikuwa anatazama nyuso. Aliwaona wazee wakiwaangalia wengine kwanza, ndipo wakacheka. Alikuja kasi, akachutama kando ya mama yake, kichwa chake kikiwa karibu na cha mama yake, akasikiliza. Nilimwona akifunga macho. Alipoyafungua alinitazama, na tangu siku ile nimetazamwa na wakaguzi wa elimu, na hakimu mmoja, na daktari mwenye habari mbaya, lakini sijatazamwa tena hivyo.

"Sasa kwaya ya nne," alisema mtangazaji, na akautaja mgodi wa kitinda mimba.

Nikasema haraka, "Tumhamishe bibi, akae mbele."

"Umwinue mama yangu kigodani mbele ya watu?" alisema baba mdogo kwa sauti ya chini. "Shika redio."

"Niishikeje?"

"Kama mtoto. Na nyaya zake. Tembea ninapotembea."

Nikaibeba redio tumboni, matumbo wazi, betri zake mbili nzito kama matofali zikiwa zimening'inia kwenye kapu shingoni kwangu, taa zake zikiniunguza kidevu. Mzee wa duka alikuwa ameshaelewa, sijui vipi. Alishika ukingo mmoja wa mlango, baba mdogo akashika mwingine, wakaunyanyua ukiwa unaimba. Kwaya ilikuwa imeanza. Tulizunguka robo ya duara, hatua ndogo ndogo, wao na mlango, mimi na redio, kama watu waliobeba kitu cha ibada, na mdomo wa mlango ukapita mbele ya wanaume mmoja mmoja, ukawaacha, ukafika kwa bibi.

Nilimwona anavyoipokea. Hakushtuka. Mikono yake iliyokuwa imekaa magotini kwa adabu ikalegea tu, na kichwa chake kikainama upande, upande uleule anaouinamisha baba mdogo kwenye ubao.

Wanaume wa mbele sasa walikuwa ubavuni. Hawakusikia kitu. Waliendelea kutikisa vichwa kwa mpigo waliokuwa nao. Nyuma mke wa mzee wa duka alisema, "Jamani, huku tumezimwa!"

"Nyamaza, dada," alisema mama mdogo. "Sasa anasikia mwenye mwana."

Bibi aliusikiliza wimbo wote, sauti zaidi ya thelathini zikiwa zimechanganyika, akanyoosha kidole kwenye ubao, juu ya kitasa. "Huyu," alisema. "Wa sauti ya chini. Ana mafua."

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akasema kwamba mwimbaji atasalimu kwao, Ufipa, Tanganyika. Halafu ikaja sauti moja, ya mwanamume mzima, ambayo mimi nisingeitambua hata njiani.

"Mama," alisema kwa Kifipa. "Nakusalimu."

Na akanyamaza.

Nilifikiri betri zimekwisha. Nilitazama taa, zilikuwa zinawaka. Kule, siku waliyomnasa mbele ya mashine yao, mtu yule alikuwa amekaa kimya kwa makusudi, na nadhani walimfanyia ishara aendelee, hakuendelea. Alikuwa anangoja aitikiwe.

Bibi alipiga makofi, polepole, mara tatu. "Nimeipokea, mwanangu."

"Huko nyumbani hamjambo?" ilisema sauti. Na kimya tena, kile kile, cha kipimo kilekile alichofundishwa na mama huyuhuyu kabla hajaota meno.

"Hatujambo. Ndugu yako hajambo. Ameng'oa mlango."

"Na miguu yako?"

"Inanifikisha. Goti la kulia linakataa mlima."

"Mvua zilinyesha?"

Bibi alianza kumweleza mvua. Alianza na zile za kwanza, zilizochelewa, akaja kwenye zile zilizolaza mahindi upande wa mtoni, na hiyo ilikuwa salamu ndefu kuliko nafasi aliyoiacha mwanawe, kwa sababu aliondoka kijana na alikuwa amesahau jinsi mama yake anavyoeleza mvua. Sauti yake ikasema kwaheri juu ya maneno ya mama yake, kisha mtangazaji akaingia, akataja kwaya inayofuata, na watu wengine wakaanza kuimba.

Bibi hakumjali. Aliendelea kuutazama ubao na kusema, akamaliza mvua, akaingia kwenye mavuno ya ulezi, nani ameoa, nani amezikwa, na mbuzi aliyezaa mapacha. Baba mdogo alikuwa amechutama kando yake, mkono mmoja bado umeushika mlango. Mimi nilikuwa bado nimeibeba ile redio, wala sikuthubutu kuizima wala kuiweka chini. Tulingoja mpaka bibi akamfikishia mwanawe salamu zote, akampigia makofi ya kuagana, na akanyamaza mwenyewe.